Pete ya uchumba: namna ya kupanga bei yake bila kuumiza ndoa inayokuja

Kijana akishaamua kuoa, swali la pete humjia mapema kuliko maswali mengine, na humjia likiwa peke yake. Anaingia dukani, anataja alichonacho mfukoni, na muuzaji anamtafutia pete inayokimaliza kiasi hicho. Hapo hakuna aliyemuuliza mahari itakuwa kiasi gani, nyumba watakayohamia inadai kodi ya miezi mingapi, wala pete mbili za ndoa zitatoka wapi. Mwongozo huu unaanza na nyumba mtakayoishi, kisha unarudi nyuma mpaka kwenye pete, ili ujue bei yake kabla hujafika kwa sonara. Mifano ni ya Tanzania na kwa shilingi za Tanzania, lakini aliye Mombasa, Bujumbura au Muscat anaweza kuweka takwimu zake na hesabu ikaenda vilevile.

Hatua ya 1: Acha kupima pete kwa mishahara

Ukiuliza pete iwe ya bei gani, jibu la kwanza huwa "mishahara miwili". Wengine husema mitatu. Ni vizuri ujue neno hilo lilikotoka, kwa sababu linawatesa watu wasio na habari nalo.

Kampuni ya De Beers ilianzishwa Afrika Kusini mwaka 1888 na kwa miaka mingi ikashika sehemu kubwa ya biashara ya almasi duniani. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipopunguza wanunuzi, mwaka 1938 iliwaendea watu wa matangazo wa N. W. Ayer nchini Marekani. Mwaka 1947 mmoja wa waandishi wao, Frances Gerety, akatunga ile kaulimbiu inayosema almasi ni ya milele. Ilipofika miaka ya 1980 matangazo yalikuwa yanamwambia mwanamume wa Kimarekani kwamba mishahara miwili si kitu kwa jambo la kudumu milele. Japani waliambiwa mitatu. Kwa hiyo kiwango hicho kilipangwa na muuzaji. Mzee wa ukoo hakukitaja, na hakuna msikiti wala kanisa lililokifundisha.

Sisi tuna sehemu yetu katika habari hiyo. Mwaka uleule wa 1947, mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, na mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, akamzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya harusi yake. Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi ulinunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika. Almasi ilitoka Usukumani, lakini kanuni ya kuinunua iliandikwa Marekani.

Sasa liweke neno la mishahara miwili kwenye mshahara wa hapa. Chukua mwajiriwa wa kampuni binafsi Dar es Salaam, mshahara wa msingi shilingi 1,000,000, aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani 100,000. Kwenye 900,000 iliyobaki, PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa viwango vya tangu Julai 2021 ni 103,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 150,000. Benki inaingia 647,000. Mishahara miwili ya kwenye karatasi ni milioni mbili, na kwake hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya pesa anayoishika, bila kula, bila nauli na bila kutuma chochote nyumbani. Ukimwambia huyu anunue pete kwa kanuni ile, unamwambia aanze ndoa na deni.

Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, Andrew Francis na Hugo Mialon, waliwahoji watu zaidi ya 3,000 waliowahi kuoa au kuolewa, na matokeo yao yakatoka mwaka 2014. Wanaume walionunua pete za dola 2,000 hadi 4,000 walionekana kuachana zaidi kuliko walionunua za dola 500 hadi 2,000. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba pete ndiyo iliyovunja ndoa, na watu wale ni Wamarekani. Lakini unatosha kumjibu anayesema pete ya bei kubwa huishika ndoa.

Hatua ya 2: Jua utaratibu wa kwao kabla ya kununua chochote

Siku hizi kijana anapiga goti hotelini, simu zinarekodi, halafu ndipo mshenga anatafutwa. Katika familia nyingi hapo umeshatangulia wazee. Zipo koo ambako kumvisha binti pete kabla barua ya posa haijapokelewa ni kuwadharau wazazi, na faini yake inaingia kwenye mahari. Zipo ambako pete inavishwa siku maalumu mbele ya mashangazi na wajomba, na kuna makanisa yanayotaka uchumba uombewe mbele ya wazee wa kanisa.

Muulize mchumba wako: kwenu pete huja lini? Kama hajui, amuulize shangazi yake. Jibu lina uzito katika bei. Pete ikija baada ya kikao cha mahari, unanunua ukiwa umeshaijua mahari. Pete ikitangulia, unanunua gizani, na ukiipita kiasi utakuja kuomba kupunguziwa mahari wakati kidole cha binti kinang'aa mbele ya baba yake. Wajomba wanaona. Mzee mmoja akisema "mwenye kununua ile hawezi kushindwa hii", mshenga wako hana la kujibu.

Ushauri wangu ni huu: kama kuna njia yoyote, pete inunuliwe baada ya mahari kujulikana. Kama moyo wako umekwisha kupanga kumshtukiza, mshtukize kwa pete ya fedha, na ile nyingine ije kwa wakati wake au isije kabisa.

Kwa Waislamu, pete ya uchumba si sharti la ndoa. Sharti ni mahari, nayo ni haki ya mke mwenyewe. Katika Hadithi iliyo kwenye Sahihi Bukhari, mtu asiye na kitu aliyetaka kuoa aliambiwa na Mtume atafute japo pete ya chuma iwe mahari. Familia nyingi za pwani hutoa mahari yenyewe kwa dhahabu: bangili, kidani au pete. Basi kama mtoto wa Tanga au Unguja anapanga pete ya uchumba kisha seti ya dhahabu ya mahari, azungumze mapema na upande wa pili, maana huenda pete ikahesabiwa ndani ya seti na gharama ikawa moja. Na yeye mwenyewe atakapovaa yake, avae ya fedha, kwa kuwa dhahabu imeharamishwa kwa wanaume.

Hatua ya 3: Piga hesabu kuanzia nyumbani

Hapa ndipo penye kazi. Chukua karatasi, au simu, ukae peke yako kwanza.

Andika pesa zote utakazokuwa nazo hadi siku ya ndoa. Usiandike michango. Kamati ya harusi hukusanya kwa ajili ya ukumbi, chakula, mapambo na muziki, na anayekaa kwenye kamati anajua ahadi zilizoandikwa kwenye kadi na pesa zinazofika mkononi ni vitu viwili. Zaidi ya hapo, hakuna mtu anayechangia mahari yako na pete yako kwa kadi. Hayo ni ya mfuko wako na ndugu wa karibu.

Turudi kwa kijana wetu wa 647,000. Ana akiba ya 1,200,000. Kila mwezi anaweza kuweka 200,000. Ndoa iko mbele miezi 14. Kwa hiyo akiba mpya ni 2,800,000, na jumla atakuwa na 4,000,000.

Sasa aandike yasiyokwepeka, kuanzia nyumba kurudi nyuma:

Kodi ya nyumba, 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita: 900,000.
Kitanda, godoro, jiko na mtungi wa gesi: 550,000. Vyombo vingi vitatoka kitchen party, lakini godoro halitoki huko.
Akiba ya dharura, isiyoguswa: 300,000.
Pete mbili za ndoa: 200,000.
Mahari iliyokubaliwa: 1,500,000.
Safari ya posa, wazee na mshenga, nauli na soda: 250,000.

Jumla 3,700,000. Kinachobaki ni 300,000, na hiyo ndiyo pete ya huyu kijana. Laki tatu. Kama mahari ingekuwa milioni moja, pete ingeweza kufika laki nane, ingawa mimi ningemshauri nusu ya nyongeza hiyo iende kwenye dharura. Na kama mahari ingekuwa milioni mbili, hesabu ingekuwa hasi, na jibu lingekuwa kusogeza tarehe na kutumia pete moja tu.

Hilo la pete moja lisipite haraka. Wachumba wengi Wakristo wananunua pete ya uchumba, halafu miezi michache baadaye wanakumbuka kwamba mchungaji atahitaji pete mbili madhabahuni. Bibi harusi anaishia na pete mbili kidole kimoja, na bwana harusi anavaa ya kuazima au ya chuma iliyonunuliwa wiki ya mwisho. Hakuna ubaya kununua pete moja nzuri, nyembamba, ikavaliwa kama ya uchumba na ikabarikiwa siku ya ndoa kama pete ya ndoa. Muulize mchungaji au padri wako mapema. Ukiweza hivyo, laki mbili za pete za ndoa zinapungua na pete yenyewe inakuwa bora.

Mstari wa dharura ndio wa kwanza kuliwa kila mtu anapozidiwa, na ndio ninaoutetea kuliko yote. Mwezi wa kwanza wa ndoa mtu anaumwa, au mkataba wa kazi unaisha. Laki tatu iliyoko kwenye simu inawapeleka hospitali.

Hatua ya 4: Andika ukomo, na usiukope

Kiasi ulichopata hapo juu ndicho ukomo wako. Kiandike. Kiweke mahali pa kukusanyia: kikoba, mchezo wa ofisini, akaunti isiyo na kadi, hata kibubu kama wewe ni mtu wa kibubu. Kama mchezo wenu unazunguka, omba zamu yako iangukie mwezi kabla ya kununua.

Usiikopee pete. Mikopo ya kausha damu inayotolewa mitaani na ile ya programu za simu inarudishwa kwa wiki au kwa mwezi, na riba yake inaweza kuifanya pete ya laki tatu ikugharimu laki tano kabla hata ya posa. Mkopo wa kununua bodaboda unaweza kujilipa wenyewe. Pete haiingizi kitu.

Hatua ya 5: Zungumza naye

Wanaume wengi wanaogopa hatua hii wakidhani wataharibu utamu. Lakini yeye ndiye atakayeivaa akifua, akipika, akishika chaki au sindano, miaka yote. Muuguzi anayevaa glavu siku nzima hapendi jiwe lililosimama juu. Mama wa duka la vyakula anataka kitu kisichonasa kwenye magunia. Na wapo wanawake ambao wangependa laki hizo ziende kwenye cherehani au mtaji wa genge, na wanavaa pete ya fedha kwa furaha kabisa. Hutajua bila kuuliza.

Kama hutaki kumuuliza waziwazi, mtume mdogo wake au rafiki yake wa karibu. Lakini bei yenyewe, yaani uwezo wenu, ningependa mwijue wawili. Dada unayesoma hapa, ukiona mwenzio anahangaika na pete, mtajie wewe kiasi kinachokutosha. Atapumua. Na ukitaka pete iliyo juu ya uwezo wake, si kosa kuchangia, kwa kuwa pesa zenu zinaelekea kuwa za nyumba moja.

Hatua ya 6: Jua dhahabu unayolipia

Dhahabu safi ni karati 24. Ni laini mno kwa pete, ndiyo maana inachanganywa na shaba, fedha au madini mengine. Karati inakuambia sehemu ngapi kati ya 24 ni dhahabu, na mhuri ulio ndani ya pete unasema hivyohivyo kwa sehemu za elfu moja:

Karati 22, mhuri 916. Karati 21, mhuri 875. Karati 18, mhuri 750. Karati 14, mhuri 585. Karati 9, mhuri 375. Fedha ya kawaida ya vito ina mhuri 925.

Pwani na Ghuba watu wanapenda 21 na 22 kwa rangi yake na kwa kuwa inashika thamani. Kwa bangili ni sawa. Kwa pete ya kila siku yenye jiwe, ningechagua 18 au 14, kwa sababu 22 inapinda na vile vikucha vinavyoshika jiwe vinalegea. Dhahabu nyeupe nayo ina jambo lake: weupe unaouona ni tabaka la rodiamu lililopakwa juu, na linafifia, kwa hiyo kila baada ya mwaka au miwili itataka kupakwa upya. Uliza kama sonara wa mji wako anaifanya kazi hiyo kabla ya kuinunua.

Hesabu ya bei si siri. Bei ya dunia ya dhahabu hutajwa kwa wakia moja, na wakia hiyo ni gramu 31.1. Igawe bei kwa 31.1 upate gramu moja kwa dola, zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo upate shilingi. Tuseme, kwa urahisi wa mfano, gramu ya dhahabu safi imetoka 300,000. Pete ya karati 18 yenye gramu 4 ina gramu 3 za dhahabu, yaani 900,000 kabla ya kazi ya mkono. Pete nyembamba ya karati 9 yenye gramu 2 ina dhahabu robo tatu ya gramu, 225,000. Ukiongeza kazi ya sonara, kijana wetu wa laki tatu anaingia. Wewe weka bei ya siku utakayokwenda, maana inabadilika kila siku.

Ukishaijua hesabu hii, mazungumzo dukani yanabadilika. Unauliza: ni gramu ngapi, karati ngapi, na kazi ya mkono ni kiasi gani? Tofauti kati ya dhahabu iliyomo na bei unayotajiwa ni kazi, jiwe, kodi na faida. Faida ni haki ya mwenye duka, lakini uione. Ukiwa Dubai, kwenye soko la dhahabu la Deira, mambo yanakwenda hivyo waziwazi: bei ya gramu ya siku inabandikwa na mnabishana juu ya ujira wa kazi tu. Ukimtuma ndugu aliye huko, mwambie akuletee risiti yenye uzito na karati, na aulize taratibu za forodha kabla ya kusafiri nayo. Ukitajiwa uzito kwa tola, tola moja ni gramu 11.66.

Kuna njia ambayo wengi wanaisahau: dhahabu iliyoko ndani ya familia. Hereni moja iliyopoteza mwenzake, mkufu uliokatika, bangili ya bibi ambayo hakuna anayeivaa. Sonara anaipima, anaiyeyusha, na wewe unalipia kazi na nyongeza kidogo. Omba kuwepo wakati wa kupima na, ikiwezekana, wakati wa kuyeyusha. Pete iliyotokana na bangili ya bibi ina heshima ambayo duka haliuzi, na kwa mfuko mdogo hakuna njia bora kuliko hiyo.

Fedha ya 925 nayo isidharauliwe. Bei yake kwa gramu ni sehemu ndogo sana ya bei ya dhahabu, kwa hiyo pesa yako yote inakwenda kwenye jiwe zuri na kazi safi. Inafanya weusi, na inasafishika. Ninachokuomba uepuke ni pete ya shaba iliyochovywa dhahabu inayouzwa kwa bei ya kutia moyo. Baada ya miezi inatoa kijani kidoleni, na binti anabaki kuificha mikono yake mbele ya watu.

Hatua ya 7: Chagua jiwe kwa kazi ya mikono yake

Ugumu wa vito hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 hadi 10. Almasi ni 10. Rubi na yakuti samawi ni 9. Spineli ni 8. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, kwa hiyo jiwe lililo chini ya hapo litakwaruzwa hata kwa kufuta meza.

Hili linatugusa, kwa sababu jiwe la fahari yetu, tanzanaiti, lina ugumu wa kati ya 6 na 7. Linapatikana Mererani tu, Simanjiro, mkoani Manyara. Liligunduliwa mwaka 1967, na mwaka 2018 serikali ikamtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Ninalipenda na ningependa kila Mtanzania awe nalo. Lakini kwenye pete ya kuvaliwa kila siku na mtu anayefua na kusugua sufuria, litapoteza mng'ao na linaweza kupasuka likigongwa. Likae kwenye hereni au kidani cha siku ya harusi. Kama mchumba amelitaka kwenye pete, lichongewe ukingo wa dhahabu unaolizunguka lote, na avue pete anapoingia jikoni.

Nchi hii ina mawe ya kuvumilia zaidi. Spineli ya Mahenge, mkoani Morogoro, yenye wekundu unaoelekea waridi, inasifiwa na wachonga vito duniani kote, na kwa ugumu wa 8 inafaa kabisa kidoleni. Rubi za Longido na Winza, yakuti samawi za Umba na Tunduru, zote zinafaa. Tsavoraiti, ganeti ya kijani ya mpakani mwa Tanzania na Kenya, iko 7 na kidogo, kwa hiyo itake uangalizi. Jiwe dogo la namna hii, safi na lenye rangi nzuri, linaweza kuingia kwenye mfuko ambao almasi ya ukubwa uleule isingeingia kamwe.

Kuhusu almasi: karati moja ya jiwe ni gramu 0.2, na hii ni tofauti na karati ya dhahabu. Bei haipandi kwa mstari ulionyooka. Jiwe la karati nzima linauzwa ghali zaidi kwa kila sehemu kuliko la 0.90, kwa sababu tu watu wanapenda namba kamili, na jicho halioni tofauti. Chini kidogo ya namba kamili ndipo penye nafuu. Sasa zipo pia almasi za maabara. Ni almasi kweli, kwa ugumu na kwa mng'ao, na bei yake imeshuka sana miaka ya karibuni. Ukipenda almasi na mfuko ni mdogo, nunua hiyo bila aibu, ila muuzaji akuandikie kwamba ni ya maabara na akutoze bei ya maabara. Moisanaiti, yenye ugumu wa 9.25, ni jiwe jingine tofauti na almasi, bei yake ni ndogo na linadumu. Zirkonia ni nafuu kuliko yote lakini hufifia baada ya muda.

Usinunue jiwe kama akiba. Dhahabu utauza kwa uzito siku ukibanwa, na sonara yeyote atakupa bei. Almasi ndogo ukiirudisha sokoni mara nyingi utapewa sehemu ndogo ya ulichotoa, na iliyokuzwa maabara huenda isipate mnunuzi kabisa. Kama unataka pete ishike thamani, weka pesa kwenye uzito wa dhahabu na jiwe liwe dogo.

Hatua ya 8: Pima kidole

Chukua pete yake anayoivaa kidole hicho, pima kipenyo cha ndani kwa rula, kwa milimita. Kama huna pete, zungusha uzi au karatasi kwenye kidole, pima urefu, gawanya kwa 3.14. Pima mchana, si asubuhi kwenye baridi, kwa kuwa joto la Dar linavimbisha vidole. Fundo la kidole likiwa nene kuliko shina, pima fundo. Mpe sonara milimita, maana namba za saizi za Marekani na herufi za Uingereza huchanganywa. Pete ya dhahabu au fedha inapanuliwa. Ya tangsteni haipanuliwi.

Hatua ya 9: Dukani

Nenda maduka matatu, hata kama la kwanza limekupendeza. Nenda na mtu, si lazima mjuzi, awepo tu. Omba pete iwekwe kwenye mizani mbele yako. Angalia mhuri kwa lenzi, na omba kipimo: masonara wana jiwe la kusugulia na asidi, na baadhi wana mashine inayosoma madini bila kukwaruza. Sumaku haikusaidii sana, kwa kuwa shaba nayo hainaswi.

Jiwe la thamani linunuliwe kwa mwenye leseni au kwenye masoko ya madini, ambayo serikali ilianza kuyafungua mwaka 2019, la Geita likiwa la kwanza. Anayekufuata stendi ya Arusha na jiwe la bluu kwenye karatasi mpishe kwa heshima, maana vioo vya rangi ya tanzanaiti ni vingi.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni lazima. Pamoja nayo omba karatasi ya duka iliyoandikwa uzito, karati, aina ya jiwe, kama ni la asili au la maabara, na kama watakupanulia bure ikibana. Lipa kwa benki au kwa simu ili ubaki na ushahidi. Kama sonara anakutengenezea, toa malipo ya awali, na kiasi kinachobaki kilipwe siku ya kuichukua.

Hatua ya 10: Zungumzeni ikitokea uchumba umevunjika

Watu wanaona ni mkosi kulitaja. Sheria imelitaja. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 71, inaruhusu mtu kudai mahakamani zawadi aliyotoa kwa kutazamia ndoa ambayo haikufungwa, iwapo mahakama itaridhika kwamba aliitoa kwa sharti la ndoa hiyo kufungwa, na si vinginevyo. Sheria hiyohiyo inaruhusu pia fidia kwa aliyeahidiwa ndoa ikavunjwa. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ahadi ya ndoa haimfungi mtu, lakini aliyepata hasara anaweza kudai fidia. Kwa hiyo mshenga aulize siku ya posa: pete hii ni zawadi tupu, au ni ya sharti? Jibu liandikwe kwenye daftari la posa pamoja na mahari, wazee wa pande zote wakiwepo, na nakala ya risiti ibaki kwako.